O.J. Simpson: Maiti Mbili, Mahakama Mbili, Majibu Mawili

Wengi wenu jina la Kardashian mmelijua kupitia Kim na dada zake. Nguo, vipodozi, ndoa, talaka, basi. Lakini Marekani nzima ilianza kulisikia jina hilo Juni 17, 1994, na aliyekuwa mbele ya kamera alikuwa baba yao, Robert Kardashian, amekunja uso, anasoma barua ya rafiki yake kipenzi. Barua yenyewe ilikuwa kama ya mtu anayeaga dunia. Rafiki huyo alitakiwa ajisalimishe polisi siku ile kwa tuhuma za kuua watu wawili, na hakuonekana.

Saa chache baadaye akaonekana. Yuko kwenye siti ya nyuma ya Ford Bronco nyeupe, rafiki mwingine ndiye anaendesha, magari ya polisi yamewafuata nyuma kama msafara wa harusi, helikopta za televisheni ziko juu. Fainali ya mpira wa kikapu ya NBA ilikuwa inachezwa muda huohuo, kituo cha televisheni ikabidi kigawe skrini mara mbili. Watu wanaokadiriwa milioni 95 waliangalia.

Huyo ndiye O.J. Simpson. Na kesi yake, miaka 30 baadaye, bado ndiyo kesi nzuri kuliko zote ya kujifunzia kitu kimoja ambacho sisi wa mitandaoni kinatupiga chenga kila siku: tofauti ya kujua na kuthibitisha.

Jamaa alikuwa nani?

Kwa ambaye hamjui, chukua staa wa mpira unayempenda, muongezee uigizaji wa filamu na matangazo ya biashara. Alishinda tuzo ya Heisman mwaka 1968, ambayo ndiyo kubwa kabisa kwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani ngazi ya chuo. Mwaka 1973 akiwa na Buffalo Bills akawa mchezaji wa kwanza kuvuka yadi 2,000 za kukimbia na mpira ndani ya msimu mmoja. Alipostaafu akahamia kwenye filamu za vichekesho. Mtu mweusi aliyependwa na Wazungu na Weusi, nyumba Brentwood, mtaa wa kishua wa Los Angeles.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1989 alishtakiwa kwa kumpiga mke wake, Nicole Brown. Hakupinga shtaka, akapewa adhabu ya nje, maisha yakaendelea. Waliachana mwaka 1992. Oktoba 1993 Nicole alipiga tena simu polisi, jamaa akisikika anafoka nyuma. Simu hiyo ilirekodiwa.

Usiku wenyewe

Jumapili, Juni 12, 1994. Nicole, miaka 35, alikuwa amekula chakula cha jioni na familia yake mgahawani. Mama yake akasahau miwani pale. Mhudumu mmoja wa mgahawa huo, Ron Goldman, miaka 25, ambaye alikuwa anafahamiana na Nicole, akajitolea kuipeleka alipomaliza zamu. Ndiyo safari iliyomuua. Wote wawili walichomwa visu nje ya nyumba ya Nicole, watoto wawili wa Nicole na O.J. wakiwa wamelala ndani. Mbwa mwenye damu miguuni ndiye aliyewaongoza majirani mpaka kwenye miili, baada tu ya saa 6 usiku.

Sasa twende kwenye ushahidi, maana hapa ndipo ubishi unapoanzia. Na tuusome kama mtu anayehesabu pesa, noti moja moja.

Muda. Upande wa mashtaka ulisema mauaji yalifanyika kama saa 4 na robo usiku. Dereva wa gari la kifahari la kukodi, aliyekuja kumpeleka O.J. uwanja wa ndege, alifika nyumbani kwake saa 4:25. Saa 4:40 akabonyeza kengele, kimya. Muda mfupi kabla ya saa 5 akaona mtu mrefu mweusi anaingia ndani, taa zikawaka, O.J. akajibu kengele na kusema alikuwa amepitiwa na usingizi. Kutoka kwa Nicole hadi kwa O.J. ni dakika chache tu kwa gari. Saa 5:45 alikuwa kwenye ndege ya Chicago.

Glovu. Ya kushoto ilikutwa kwenye miili. Ya kulia ilikutwa nyuma ya nyumba ya O.J., karibu na ukuta ambao mgeni wake alisikia ukigongwa mara tatu usiku ule. Kulikuwa na risiti ya duka ikionyesha Nicole alinunua jozi mbili za glovu za aina hiyo Desemba 1990.

Damu. Pembeni ya nyayo za muuaji, upande wa kushoto, kulikuwa na matone ya damu. O.J. alikuwa na jeraha kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Vipimo vya vinasaba, yaani DNA, vilisema tone moja pale njiani linalingana na damu yake, na uwezekano wa kumkuta mtu mwingine wa kulingana nalo ni 1 kati ya milioni 170. Ndani ya Bronco kulikuwa na damu yake na ya marehemu wote wawili. Kwenye soksi zilizokutwa chumbani kwake, damu ya Nicole.

Viatu. Nyayo zilikuwa za Bruno Magli, kiatu cha Kiitaliano cha bei mbaya, namba 12. Namba ya O.J. ilikuwa 12.

Hapo ukiniuliza mimi na wewe tukiwa kijiweni, kesi imeisha. Tunaagiza chai nyingine.

Lakini mahakama si kijiwe

Kesi ilianza kusikilizwa Januari 24, 1995 mbele ya Jaji Lance Ito. Hapa elewa kitu. Kwetu Tanzania kesi ya mauaji inaamuliwa na Jaji wa Mahakama Kuu. Kule jaji anasimamia tu sheria. Anayeamua kama mtu ana hatia ni juri, raia 12 wa kawaida, na lazima wote 12 wakubaliane. Juri hili lilifungiwa hotelini siku 265, hakuna magazeti, hakuna kwenda nyumbani, ili lisipate maneno ya mtaani.

Kazi ya upande wa mashtaka, ukiongozwa na Marcia Clark na Christopher Darden, ilikuwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yenye mashiko. Kazi ya utetezi ilikuwa ndogo zaidi. Hawakuhitaji kuonyesha nani aliua. Walihitaji kupanda shaka tu, na walikuwa na watu wa kuipanda: Johnnie Cochran, Robert Shapiro, F. Lee Bailey, na Barry Scheck aliyekuwa bingwa wa mambo ya DNA. Robert Kardashian naye alikaa meza ileile. Na ili ujue kesi hii ilivyochana familia, mke wake wa zamani, Kris, mama yake Kim, alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu Nicole.

Mawakili hawa hawakugombana na sayansi moja kwa moja. Waliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kununua nyama sokoni analijua: imepita mikononi mwa nani?

Na majibu yalikuwa mabaya. Blanketi lilitolewa ndani ya nyumba ya Nicole kufunika mwili wake, sasa utajuaje unywele uliokutwa pale ulitoka kwa muuaji au kwenye blanketi? Damu kwenye geti la nyuma ilichukuliwa Julai 3, wiki tatu baada ya mauaji. Soksi zilichukuliwa Juni 13, lakini damu juu yake ilikuja kuonekana mwezi Agosti. Mpelelezi mmoja, baada ya O.J. kutolewa damu polisi, badala ya kuikabidhi palepale, alitembea na kichupa hadi nyumbani kwa O.J. ambako uchunguzi ulikuwa unaendelea. Muuguzi aliyemtoa damu alisema mwanzoni alitoa kama mililita 8. Mahesabu ya utetezi yakaonyesha mililita 1.5 hazijulikani zilipo. Baadaye muuguzi akasema huenda alikosea kukadiria. Lakini wewe ukiwa juri, umekaa hotelini miezi, hiyo mililita moja na nusu inaanza kukukosesha usingizi.

Sisemi kwamba polisi walimwaga damu ile. Hakuna aliyethibitisha hivyo. Ila angalia mbinu: kila uzembe mdogo wa polisi ukageuka mlango ambao shaka inaweza kupita.

Siku glovu ilipogoma

Juni 15, 1995 Darden akafanya kitu ambacho wanasheria wanakifundishia mpaka leo. Akamtaka O.J. avae zile glovu mbele ya juri. Jamaa akavaa kwanza glovu za mpira za kuzuia kuchafua kielelezo, halafu akasukuma za ngozi juu yake. Zikagoma. Akanyoosha mikono, kila mtu akaona zinabana.

Kuna maelezo? Yapo. Ngozi iliyolowa damu ikakauka husinyaa. Glovu ya mpira chini yake inaongeza unene. Na aliyekuwa anavaa ni mwigizaji, tena mwenye sababu zote za kutaka zisiingie. Lakini maelezo huja baada ya macho, na macho yalikuwa yameshaona. Cochran akalifanya jambo hilo kibwagizo mpaka mwisho: glovu isipoenea, mtu aachiwe.

Samaki mmoja akioza

Kisha akaja Mark Fuhrman. Huyu ndiye mpelelezi aliyesema ameikuta glovu ya kulia nyuma ya nyumba ya O.J. Akiwa kizimbani, Machi 1995, aliulizwa kama amewahi kutumia tusi la kibaguzi dhidi ya Weusi ndani ya miaka 10 iliyopita. Akakana kwa kiapo.

Njia ya mwongo fupi. Zikapatikana kanda alizorekodiwa na mwandishi mmoja wa filamu, akilitamka tusi hilo zaidi ya mara 40 na kujigamba jinsi polisi wanavyowafanyia watu Weusi. Septemba 6, 1995 akarudishwa. Akaulizwa kama aliwahi kupandikiza ushahidi kwenye kesi hii. Akatumia haki yake ya kikatiba ya kutojibu. Juri halikuwepo chumbani wakati huo, na kanda zenyewe lilisikilizishwa vipande viwili tu. Vilitosha. Mwaka 1996 Fuhrman alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, na hakupinga.

Sisi tuna msemo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndiyo hoja ya Cochran kwa ufupi. Na ilikuwa na nguvu, kwa sababu ya mji wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Machi 1991 polisi wa Los Angeles walirekodiwa na kamera ya raia wakimpiga mtu Mweusi, Rodney King, akiwa chini. Video dunia nzima iliiona. Aprili 29, 1992 juri halikumtia hatiani hata polisi mmoja. Mji ukawaka, watu zaidi ya 50 wakafa. Kwa hiyo mwaka 1995, juri lenye Weusi 9, Wazungu 2 na mmoja wa asili ya Kilatini, lilipoambiwa kwamba polisi wa Los Angeles anaweza kumbambikia kesi mtu Mweusi, halikusikia hadithi ya kufikirika. Lilisikia habari ya nyumbani.

Hapa lakini nataka tusimame. Msemo wa samaki unafaa sokoni, maana hakuna mwenye muda wa kunusa kila mmoja. Mahakamani kazi ni hiyohiyo, kunusa kila mmoja. Chukua ushahidi wote aliougusa Fuhrman, utupe. Glovu ya kulia iende. Bado una tone la damu kwa Nicole, lililookotwa kabla O.J. hajatolewa damu yoyote na polisi. Huwezi kupandikiza damu ambayo bado iko kwenye mishipa ya mwenyewe. Bado una dereva aliyebonyeza kengele. Bado una jeraha kidoleni. Samaki hao hawakuvuliwa na Fuhrman.

Huo ndio udhaifu wa hukumu ile kwa maoni yangu. Shaka ilikuwa ya kweli, ila ilipakwa hata mahali isipofika.

Oktoba 3, 1995 hukumu ikasomwa. Juri lililokaa miezi tisa lilijadiliana kwa chini ya saa nne. Hana hatia, kwa mashtaka yote mawili. Watu zaidi ya milioni 100 walikuwa wanaangalia. Weusi wengi walishangilia, Wazungu wengi walipigwa butwaa. Ukiangalia picha za siku ile, muangalie Robert Kardashian aliyesimama karibu na mteja wake. Uso wake haushangilii. Mwaka uliofuata alisema kwenye televisheni kwamba ana wasiwasi, na kinachomsumbua ni ile damu.

Mahakama ya pili

Watu wengi stori wanaimalizia hapo. Haikuishia hapo.

Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile la jinai. Lakini familia za marehemu zilifungua kesi ya madai, yaani hawatafuti kumfunga, wanatafuta mahakama itamke kwamba anawajibika kwa vifo vile na alipe. Kesi ilikwenda Santa Monica, mbele ya Jaji Hiroshi Fujisaki, ambaye alipiga marufuku kamera. Juri safari hii lilikuwa na Wazungu wengi. Hilo nalo liweke kwenye mizani, usilifiche.

Mambo matatu yalibadilika.

Kwanza, kipimo. Kwenye madai hutakiwi kuondoa shaka yote yenye mashiko. Unatakiwa tu kuonyesha kwamba yaelekea zaidi alifanya kuliko hakufanya. Ule mlango wa mililita moja na nusu ukawa mwembamba.

Pili, mdomo. Kwenye jinai O.J. hakupanda kizimbani, na hakuna anayeweza kumlazimisha. Kwenye madai alilazimika kujibu maswali. Aliulizwa juu ya kumpiga Nicole, akakana kuwahi kumpiga hata mara moja, wakati picha za uso wake uliovimba zipo.

Tatu, viatu. O.J. alisema hajawahi kuwa na viatu vile vya Bruno Magli. Kisha ikatokea picha akiwa uwanjani mwaka 1993, amevivaa. Utetezi ukasema ni ya kughushi. Zikatokea nyingine 30, na mojawapo ilikuwa imechapishwa kwenye jarida la timu ya Bills Novemba 1993, miezi saba kabla ya mauaji. Polisi gani angepanga kumbambikia mtu miezi saba kabla?

Februari 4, 1997, juri likasema anawajibika. Fidia na adhabu kwa jumla, dola milioni 33.5. Sehemu kubwa hakulipa.

Sasa ipi ilikuwa sahihi?

Hapa ndipo mtandaoni watu huanza kutukanana. Jibu langu ni kwamba mahakama hizi mbili hazikuulizwa swali moja. Ya kwanza iliulizwa: mmethibitishiwa kiasi cha kumfunga mtu maisha? Ya pili iliulizwa: yaelekea zaidi ni nini? Mtu mwenye akili timamu anaweza kujibu "hapana" kwa la kwanza na "alifanya" kwa la pili, na asiwe amejipinga.

"Hana hatia" si cheti cha usafi. Maana yake aliyepewa kazi ya kuthibitisha ameshindwa. Mara nyingine ameshindwa kwa sababu mtu ni safi kweli. Mara nyingine ni kwa sababu mpelelezi alitembea na kichupa cha damu mfukoni na mwenzake akadanganya kizimbani. Waliomsaidia O.J. kuliko Cochran ni polisi wale wale waliotaka afungwe.

Na hili ndilo linaloniuma. Ubaguzi wa Fuhrman haukuwaumiza Weusi wa Los Angeles peke yao. Uliwaumiza Nicole na Ron pia. Polisi mchafu anamuumiza asiye na kosa leo, na kesho anamwachia mwenye kosa, kwa sababu hakuna tena anayemwamini.

O.J. alikuja kufungwa kwa jambo jingine kabisa, wizi wa kutumia silaha kwenye hoteli moja Las Vegas. Alikutwa na hatia Oktoba 3, 2008, miaka 13 kamili tangu aachiwe. Akatumikia miaka tisa, akatoka Oktoba 2017, akafa kwa saratani Aprili 10, 2024 akiwa na miaka 76. Siku hiyo mitandao ilijaa yadi zake, filamu zake na ile Bronco nyeupe. Ron Goldman, kijana wa miaka 25 aliyekwenda kurudisha miwani ya mama wa mtu, alitajwa kwenye aya ya mwisho, kama alitajwa.

Kwa hiyo mdau, siku staa wako atakapopelekwa mahakamani, na siku hiyo ipo, kabla hujaandika "muuaji" au "wanamuonea", jiulize maswali mawili tu. Ushahidi huu unaelekeza wapi? Na umepita mikononi mwa nani? Ukiwa na jibu la swali moja bila la pili, bado hujui kitu. Halafu tafuta jina la aliyekufa, ulitaje.